Wiki kwa Mama, Wiki kwa Baba: Nani Alipe Karo?

Wazazi walioachana wakishaafikiana kwamba mtoto atakaa wiki moja kwa mama na wiki moja kwa baba, mara nyingi huongeza neno moja: hakuna atakayemdai mwenzake hela. Kila mmoja atamlisha mtoto akiwa kwake, basi. Maafikiano hayo hudumu mpaka ifike barua ya karo. Shule haina habari na zamu za wazazi. Inataka fedha zake zote, na kwa kawaida humpigia yule mzazi ambaye hupokea simu.

Hapo ndipo mabishano huanza. Baba anasema, "Mimi namlea nusu ya mwezi, matunzo ya nini tena?" Mama anajibu, "Unamlea nusu ya mwezi ukiwa na mshahara mara mbili ya wangu." Kila mmoja ana hoja. Lakini siku za malezi na fedha za matunzo ni hesabu mbili, na kulingana kwa ya kwanza hakufuti ya pili. Makala haya yanaeleza kwa nini, hasa kwa kuangalia sheria ya Kenya, na jinsi wazazi wanavyoweza kupiga hesabu hiyo wenyewe kabla ya kufika kwa hakimu.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kinasema wazi kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au hawajaoana. Kufika hapo kulichukua muda. Sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto fedha za matumizi ilipitishwa 1959, kisha Bunge likaifuta 1969. Sheria ya Watoto ya 2001 nayo ilimbebesha mama mzigo wa kwanza ikiwa wazazi hawakuoana, hadi Mahakama Kuu ilipoamua 2013 kwamba mpango huo unapingana na Katiba. Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Watoto ya 2022. Kifungu chake cha 32 kinawapa baba na mama wajibu wa uzazi kwa usawa, na hakuna kati yao mwenye haki iliyo juu ya ya mwenzake.

Wengi wakisoma hayo huyatafsiri kuwa nusu kwa nusu: nusu ya siku, nusu ya karo, nusu ya kila risiti. Mahakama haziusomi usawa hivyo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya mali ya ndoa na kukataa hoja kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba humpa kila mmoja nusu moja kwa moja. Kesi ile haikuhusu watoto, lakini funzo lake linafaa hapa pia: watu wanaweza kuwa sawa mbele ya sheria na bado mgao wao ukatofautiana.

Kwenye matunzo, sheria inamtaka hakimu wa Mahakama ya Watoto apime mambo mengi kwa pamoja. Kuna kipato cha kila mzazi, mali yake na uwezo wake wa kuchuma. Kuna mahitaji ya mtoto, ulemavu kama upo, na aina ya elimu aliyokuwa akipata au aliyotarajiwa kupata. Kuna watoto wengine ambao mzazi huyo anawakimu, na kuna mila, desturi na dini ya wahusika. Hakuna jedwali la asilimia la kufuata, wala hakuna mahali panaposema kwamba siku zikilingana fedha hazidaiwi.

Huo "uwezo wa kuchuma" umewekwa kwa makusudi. Mzazi aliyeacha kazi wiki moja kabla ya kesi kusikizwa hawezi kusimama na kusema hana kitu, kisha mambo yakaishia hapo. Fundi, mkulima au mwenye bodaboda asiye na hati ya mshahara naye anaweza kutakiwa kuapa kuhusu mapato yake na kuonyesha taarifa za benki na za M-Pesa.

Gharama za aina mbili

Makosa mengi hutokana na kuzichanganya gharama zote katika kapu moja. Zipo gharama zinazomfuata mtoto kutoka nyumba hadi nyumba: chakula, maji, stima, sabuni, na chumba au kitanda chake. Kila mzazi huzilipa wakati wa zamu yake. Zipo nyingine ambazo hazijali mtoto amelala wapi: karo, basi la shule, sare, vitabu, matibabu, ada ya mtihani. Hizo hulipwa mara moja na mtu mmoja. Zamu za wiki kwa wiki hugawa zile za kwanza bila mtu kujisumbua. Zile za pili hubaki palepale zikimsubiri wa kuzilipa.

Na hata zile za kwanza hazipungui kwa nusu. Mzazi aliyekuwa na mtoto wiki zote na sasa anaye nusu ya wiki hizo bado anahitaji nyumba yenye nafasi ya mtoto, na mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu chumba kimekaa kitupu siku saba. Ndiyo maana malezi ya nyumba mbili huwa ghali kuliko ya nyumba moja: vitanda viwili, viatu vya ziada, na mara nyingi wasaidizi wawili wa nyumbani.

Tuchukue wazazi wa mfano. Imani ana miaka minane, anasoma shule ya kutwa, na anahama kila Jumapili jioni. Baba Imani anabaki na shilingi 120,000 kwa mwezi baada ya makato. Mama Imani anabaki na 60,000. Kila nyumba humgharimia Imani 12,000 kwa mwezi, jumla 24,000 kwa nyumba mbili. Karo ni 36,000 kwa muhula, na kwa mihula mitatu ikigawanywa kwa miezi 12 inakuwa 9,000 kwa mwezi. Basi la shule ni 4,000, matibabu 3,000, sare na vitabu 2,000. Gharama hizi zisizohama ni 18,000. Kwa hiyo Imani anagharimu 42,000 kwa mwezi.

Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja atalipa 21,000. Kwa baba hiyo ni asilimia 17.5 ya kipato chake. Kwa mama ni asilimia 35. Shilingi ni zilezile, lakini mama anabeba mzigo mara mbili ya baba, na atakayeonja tofauti hiyo ni Imani mwenyewe, kwa sababu wiki za mama ndizo zitakazokuwa za kubana matumizi.

Wakigawana kwa uwiano wa vipato, baba atabeba thuluthi mbili, yaani 28,000, na mama thuluthi moja, yaani 14,000. Kila mmoja ataachia asilimia 23 hivi ya kipato chake. Baba tayari anatumia 12,000 nyumbani kwake, kwa hiyo amebakiza 16,000. Akilipa karo, basi la shule na matibabu, amefika 16,000 kamili. Mama naye anatumia 12,000 kwake, amebakiza 2,000, ambayo ni sare na vitabu. Mgao umekamilika bila shilingi hata moja kupita kutoka mkono wa mzazi mmoja hadi wa mwingine.

Sasa tuseme mama ndiye anayeishi karibu na shule, naye hulipa karo, basi, dawa na sare. Baba asipotuma kitu, mama atakuwa akilipa 30,000 na baba 12,000, ingawa siku ni sawa kabisa. Hapo baba anadaiwa 16,000 kila mwezi. Hayo ndiyo matunzo yanayodaiwa hata katika malezi ya nusu kwa nusu. Baba hapewi adhabu kwa kuachana na mama, wala mama hapewi zawadi. Fedha hizo ni fungu la baba katika gharama za mtoto ambalo limelipwa na mtu mwingine.

Uwiano wa vipato una mipaka yake. Mzazi anayepata 15,000 kwa mwezi mjini Nairobi hana cha kugawa kabla hajalipa kodi na kula. Busara ni kumtolea kila mzazi kwanza kiasi cha kujikimu, kisha kupiga uwiano kwa kinachobaki. Anayebaki na sifuri huchangia kwa kazi ya mikono: kupika, kufua, kumsindikiza mtoto shuleni. Kazi hiyo nayo ni matunzo.

Wengine wanahesabuje

Nchi zilizoamua kutumia kanuni za hesabu zimekutana na tatizo hilihili na kulijibu kwa njia zinazopishana sana.

Uingereza ina idara ya serikali, Child Maintenance Service, inayopanga malipo bila wazazi kwenda mahakamani. Mzazi wa mtoto mmoja mwenye kipato cha pauni 600 kwa wiki kabla ya kodi huanzia asilimia 12, yaani pauni 72. Kisha huhesabiwa usiku ambao mtoto hulala kwake kwa mwaka. Kuanzia usiku wa 52 hupunguziwa sehemu moja ya saba, na punguzo huongezeka kwa ngazi. Akifika usiku wa 175 hupunguziwa nusu, na juu yake pauni 7 kwa wiki kwa kila mtoto, hivyo hubaki akidaiwa pauni 29. Ikithibitika kwamba ulezi wote wa kila siku unalingana, hesabu ya usiku ikiwa ni sehemu yake tu, hadaiwi chochote, hata kama mmoja ana kipato mara tano ya mwingine. Ngazi hizo zina hatari yake. Mzazi huyo wa pauni 600 akitoka usiku wa 174 hadi wa 175, malipo yake hushuka kutoka pauni 41 hivi hadi 29. Usiku mmoja wa mtoto umepewa bei, na palipo na bei watu hupigana bei.

Australia, tangu mageuzi ya 2008, hupiga hesabu iliyo karibu na ile ya Imani. Kwanza kila mzazi hutolewa kiasi cha kujikimu. Kisha hutafutwa fungu lake katika jumla ya vipato vinavyobaki, na kulinganishwa na fungu lake la malezi. Malezi ya kati ya asilimia 48 na 52 huhesabiwa kuwa nusu, kwa hiyo hakuna haja ya kubishania usiku mmoja mmoja. Mwenye thuluthi mbili za kipato na nusu ya malezi hulipa tofauti yake, sehemu moja ya sita ya gharama za mtoto. Kwa 42,000 za Imani hiyo ni 7,000. Ndiyo hasa inayompandisha baba kutoka 21,000 za nusu kwa nusu hadi 28,000 za uwiano.

Canada nayo huwahesabia mpango wa pekee wazazi ambao kila mmoja ana mtoto angalau asilimia 40 ya mwaka. Njia nyepesi ni kuchukua kiasi ambacho kila mmoja angemlipa mwenzake na kutoa kile kidogo katika kile kikubwa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa kuishia hapo. Ilisema sharti ziangaliwe gharama halisi za nyumba zote mbili na hali ya kila mzazi, kwa sababu gharama za mmoja hazishuki eti kwa kuwa siku za mwingine zimepanda.

Tukizipanga pamoja, Uingereza inaweza kusema sifuri pale ambapo Australia inasema lipa. Tofauti iko katika swali linaloulizwa kwanza. Ukiuliza nani yuko na mtoto, siku zikilingana jibu limekwisha. Ukiuliza mtoto anagharimu kiasi gani na nani ana uwezo gani, siku zinakuwa sehemu ya hesabu tu. Sheria ya Kenya, kwa vigezo vyake, imesimama upande wa swali la pili.

Tanzania Bara imeanzia kwingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtwika baba wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe wanaishi naye au na mtu mwingine, isipokuwa makubaliano au amri ya mahakama iseme vinginevyo. Mama huingia ikiwa baba amefariki, hajulikani alipo au hawezi. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama, inapotoa amri ya matunzo, itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto. Kigezo hicho cha mwisho kina uzito mkubwa wazazi wanapoishi sehemu tofauti, mmoja Kinondoni na mwingine Kibaha. Kwa Waislamu, bara na visiwani, fikihi pia humwekea baba matunzo ya mtoto hata akiwa katika hadhana, yaani ulezi, ya mama. Basi hata zamu zikilingana, wa kwanza kuulizwa fedha ni baba.

Nusu ya kwenye karatasi

Kabla ya kugawana fedha ni vizuri kuhakikisha kwamba malezi yenyewe yanalingana kweli. Katika familia zetu kuna hali tatu ambazo kalenda ya zamu haizionyeshi.

Ya kwanza ni nyanya. Baba ana wiki mbili za mwezi, lakini Ijumaa mtoto hupandishwa matatu kwenda kwa nyanya yake kijijini na kurudishwa zamu ikiisha. Hakuna ubaya mtoto kukaa na nyanya yake. Ila anayenunua unga na dawa huko ni nyanya, na baba hawezi kujihesabia gharama ambazo hakuzilipa.

Ya pili ni kazi isiyo na risiti. Mtoto akiugua saa nne asubuhi, ni nani anayeomba ruhusa kazini? Nani anahudhuria mikutano ya wazazi, nani anakumbuka chanjo, nani anatafuta katoni na rangi za mradi wa shule saa mbili usiku? Mzazi anayefanya hayo mwezi mzima, pamoja na wiki ambazo si zake, amebeba zaidi ya nusu, na mara nyingi hupoteza kipato kwa sababu hiyo.

Ya tatu ni bweni. Mtoto akiingia shule ya upili ya bweni, zamu za wiki kwa wiki hufa zenyewe. Hayuko kwa mama wala kwa baba isipokuwa likizo, na karo sasa ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Makubaliano yaliyojengwa juu ya siku peke yake hubomoka mwezi huo. Yaliyojengwa juu ya uwiano wa vipato huendelea kufanya kazi bila kubadilishwa hata mstari.

Mambo ya kuandika

Sheria ya Kenya ya 2022 inaruhusu wazazi kufanya makubaliano kuhusu wajibu wao wa uzazi, na makubaliano mazuri hayahitaji lugha ya kisheria. Afisa wa watoto katika kaunti ndogo anaweza kuwasaidia kuyaandika, na mashirika kama FIDA-Kenya na Kituo cha Sheria husaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Yaandikwe majina ya gharama na mlipaji wa kila moja. "Tutasaidiana karo" ni ahadi isiyo na mwenyewe. "Baba analipa karo moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kabla ya wiki ya pili ya muhula" ni ahadi inayoweza kudaiwa. Uandikwe pia uwiano, na lini utapigwa upya. Januari yafaa, kwa kuwa karo mpya inajulikana na kila mmoja anaweza kuonyesha kipato chake cha mwaka uliopita. Gharama za ghafla, kama kulazwa hospitalini, ziwekewe kiwango: chini yake mzazi aliye na mtoto aamue peke yake, juu yake waulizane kwanza.

Malipo yapitie njia inayoacha alama, iwe benki au simu, na maelezo yake yaseme ni ya nini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wapo wazazi waliolipa kwa miaka mingi mkononi, kisha wakashindwa kuthibitisha hata muhula mmoja.

Zamu na fedha ziandikwe katika vifungu viwili visivyotegemeana. Mzazi asiyelipwa haruhusiwi kumficha mtoto, na aliyenyimwa zamu haruhusiwi kufunga mfuko. Kila kosa lina dawa yake mahakamani. Kwa malimbikizo ya matunzo, mahakama inaweza kuagiza mwajiri akate mshahara, mali ikamatwe, hata mdaiwa apelekwe jela ya madai. Na aliyepoteza kazi au kupata mtoto mwingine arudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe. Akinyamaza, deni huendelea kukua.

Baadhi ya wazazi watasoma haya na bado wapendelee kuandika "hatudaiani" na kupeana mikono. Vipato vyao vikikaribiana na kila mmoja akilipa sehemu yake ya gharama zisizohama, hawajakosea. Ila wajue mipaka ya sentensi hiyo. Matunzo ni haki ya mtoto, na wazazi ni walipaji tu. Wanaweza kusameheana madeni yao wenyewe wapendavyo, lakini hawawezi kusamehe la mtoto kwa niaba yake. Siku ambayo mgao wao utamwacha bila karo au bila dawa, mahakama haitafungwa na walichotia sahihi, kwa kuwa Kifungu kilekile cha 53 kinaagiza kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie.